Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Macho ya Ami Yangu

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Tanga.

Ami yangu alianguka barazani, Barabara ya 8, Ngamiani, saa mbili asubuhi, kikombe cha kahawa bado ki mkononi. Tulimmwagia maji. Mmoja akampepea kwa gazeti, mwingine akamsomea shahada sikioni. Hakuna aliyemkandamiza kifua, na mimi nilikuwapo. Tukampakia kwenye bajaji, miguu inaning'inia nje. Tulipofika, daktari alimshika shingo akasema tumechelewa. Alasiri tukamzika.

Siku zote alikuwa akisema, "Nikifa chukueni mnachotaka, mchanga hauna haja na macho." Tulikuwa tukicheka. Siku ile nikamwambia muuguzi maneno hayo. Akanitazama kama nimepagawa, kisha akauliza: fomu iko wapi, na wa kuyachukua ni nani?

Najua Muhimbili wanapandikiza figo tangu Novemba 2017, figo ya ndugu aliye hai. Najua pia Hispania huchukua figo hata kwa mtu ambaye moyo umemsimama barabarani. Ambulensi inawahi, kifua kinakandamizwa njia nzima. Madaktari wakishindwa kabisa, wanaacha na kusubiri dakika tano. Akishathibitishwa kufariki, ndipo mashine inawekwa kuzilinda figo. Figo haina subira. Sisi wa bajaji hatujafika huko, wala sikuombi utuahidi kufika mwakani.

Konea ndiyo yenye subira. Ule utando angavu mbele ya mboni hauna mishipa ya damu, hivyo moyo ukisimama hauharibiki papo hapo. Mara nyingi unaweza kuchukuliwa ndani ya saa 12. Tangu Ami aanguke hadi tumfukie zilipita kama saa nane. Kazi yenyewe haichukui muda mrefu, na uso wa maiti haubadiliki. Angeoshwa, angevikwa sanda, tungemswalia Alasiri ileile, na huenda watu wawili wenye konea mbovu, wakipandikizwa zake, leo wangekuwa wanaona.

Utaambiwa dini inakataa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilikaa Jidda mwaka 1988 likaruhusu kiungo cha maiti apewe aliye hai, kwa masharti, ridhaa ya marehemu au warithi wake ikiwemo. Kusema kweli, sisi wengi tunachoogopa ni daktari: kwamba atatuacha tufe upesi apate kiungo. Basi sheria iseme bila kumung'unya kuwa anayetibu siye anayechukua, na kwamba hakuna kugusa jicho kabla ya kifo kuthibitishwa.

Ninaloomba ni fomu ambayo mtu anajaza akiwa mzima, daftari la kuitunza, na mtaalamu mmoja wa konea kila hospitali ya mkoa. Na kabla ya hayo yote, wafundisheni madereva wa bajaji na sisi wa barazani kukandamiza kifua: katikati, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ningelijua hilo asubuhi ile, labda nisingekuwa na haja ya kuzungumzia macho ya Ami.

Karatasi yangu nimeshaiandika. Nimeiweka ndani ya msahafu, na mke wangu anajua ilipo. Wa kumpelekea ndiye simjui.

Wako,
Mkazi wa Ngamiani, Tanga