Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ukaguzi wa Magari: gari la kale lipimwe kwa kipimo chake

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu na heshima zikutangulie. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako zilipigwa muhuri wa kupokelewa, na baada ya muhuri sikusikia neno. Wiki iliyopita gari langu limenyimwa tena cheti cha mwaka, na safari hii nusura livunjwe mbele ya macho yangu na watu walio chini yako.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya mwaka 1966. Handbreki yake, Mheshimiwa, haikamati magurudumu. Nyuma ya gia boksi kuna dramu moja iliyofungwa kwenye propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma. Ukivuta handbreki, shafti ndiyo inayoshikwa. Ndivyo lilivyotoka kiwandani, na kazi ya kifaa hicho ni kulizuia gari lililokwisha kusimama. Ukiivuta huku rola za mashine ya ukaguzi zinazungusha magurudumu, shafti na difu (gia za kwenye ekseli) hupata mshtuko ambao havikuundwa kuubeba, na gari linaweza kuruka kutoka kwenye mashine. Uingereza, lilikotengenezwa, wakaguzi huelekezwa wasipime handbreki ya namna hii kwenye rola.

Haya yote nilimweleza mkaguzi kabla hajaanza. Nilimwonyesha dramu yenyewe kwa tochi. Akanijibu kwamba kompyuta inadai namba kutoka kwenye rola, bila namba ukurasa haufunguki. Akavuta. Gari likaruka upande, chuma kikalia chini kwa kishindo, waliokuwa kwenye foleni wakarudi nyuma. Kisha akaandika: "Handbreki haifai."

Mwaka jana, katika uwanja huohuo, mkaguzi mwingine alilipandisha gari hilihili kwenye mteremko, akavuta handbreki, akaachia breki ya mguu na kungoja. Halikusogea hata unywele. Akaingia chini, akaigonga chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma, anasikiliza: chuma kizima kina mlio wake, na kilicholiwa na kutu kina mlio wake. Akashika tairodi, fimbo ya usukani, na kuitikisa kwa mkono. Akakunja mipira ya breki kuangalia kama ina nyufa. Alichukua muda, hakunionea haya, na gari likapita. Mtu huyo yuko wapi siku hizi? Kama amestaafu, ujuzi wake ulirithiwa na nani?

Nasema hivi kwa sababu umezagaa usemi kwamba magari ya kale hayapiti ukaguzi. Si kweli. Gari la kale lililotunzwa hupita mwaka hadi mwaka, tena kwa uhakika kuliko watu wanavyodhani, maana karibu kila kitu chake kinaonekana kwa macho na kinarekebishika kwa spana. Breki za dramu zikilegea au zikivuta upande mmoja, unainua gurudumu, unakaza nati ya kurekebishia mpaka gurudumu ligome, unairudisha kidogo mpaka lizunguke huru, unahamia jingine. Kazi ya asubuhi moja.

Linaloliangusha kwa haki ni kutu ya chasisi, ambayo kwenye Land Rover hujificha chini ya bodi ya aluminiamu inayong'aa. Ni mipira iliyokauka. Ni tairi lenye kashata, yaani meno, nzuri lakini limepasuka ubavuni kwa uzee. Ni gari lililokaa bandani miezi bila kuwashwa, mafuta ya breki yakanyonya unyevu, silinda za breki zikagandia. Gari la hivyo liangushe, Mheshimiwa, na mimi nitakushukuru, maana nami napita barabara hiyohiyo na watoto wangu. Sitaki huruma kwenye breki.

Ninachokataa ni kuangushwa kwa kukosa kitu ambacho gari halikuzaliwa nacho. Karatasi yangu ya wiki iliyopita ina makosa mengine mawili. La kwanza, gesi ya eksozi. Walitumia kiwango cha magari yenye masega, kile kifaa cha kusafisha gesi ndani ya eksozi. Injini ya kabureta ya mwaka 1966 haina masega, haina kompyuta, na hata uirekebishe kwa mkono wa fundi bingwa haitafika kiwango hicho. Uingereza, gari lililoanza kutumika kabla ya Agosti 1975 hutazamwa moshi wake kwa macho, basi. La pili, mikanda ya viti vya nyuma. Haikuwekwa kiwandani na hakuna chuma cha kuifungia. Mkanda uliofungwa kwenye bati jepesi utang'oka siku ya ajali, na fundi yeyote mwaminifu atakwambia hivyo.

Sasa nikukumbushe kauli yako. Mwaka jana, mbele ya wamiliki na mafundi, ulisema mwongozo wa magari yaliyozidi miaka 30 utakuwa mezani kwa kila mkaguzi kabla mwaka haujaisha. Nilikuwepo. Tulikupigia makofi. Mwaka umeisha, na mkaguzi niliyemuuliza kuhusu mwongozo huo hajawahi kuusikia.

Labda mwongozo umeandikwa na umekwama kwenye kabati la mtu. Labda aliyetengeneza programu ya ukaguzi hakuwahi kuona gari la kabla ya kuzaliwa kwake. Wapo wanaosema kuna anayetaka magari haya yaondoke barabarani kimyakimya, kwa kuchoshwa. Sitaki kuamini hilo, lakini ukimya wako unawapa watu maneno.

Wala hakuna jipya la kuvumbua. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake namba 45 la mwaka 2014, ulieleza gari la kihistoria ni lipi: lina angalau miaka 30, aina yake haitengenezwi tena, na limehifadhiwa katika hali yake ya asili. Ujerumani ina namba maalumu za magari haya tangu 1997, na bado huyapeleka kukaguliwa. Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Tangu Mei 2018 mengi yaliyotimiza miaka 40 hayalazimiki kukaguliwa kabisa. Mimi siombi msamaha huo. Naona ni kosa. Nataka gari langu likaguliwe kila mwaka, na mtu anayejua anachokigusa.

Mimi ni seremala. Mbao zangu zinabebwa na gari hili. Bila cheti bima haikubali, bila bima siwezi kutoka getini, na wateja hawangoji. Nakodi gari la watu kwa hela ambayo ingelisha nyumba. Ada ya kurudia ukaguzi nimeshadaiwa. Nimeshauriwa nibadilishe mfumo mzima wa handbreki ili kompyuta iridhike, yaani nilikate gari zima lenye breki nzima. Fundi wangu amekataa, na mimi nimekataa.

Mheshimiwa, naomba ule mwongozo. Karatasi moja tu inatosha: gari lipimwe kwa viwango vya mwaka lilipotengenezwa, na handbreki ya kwenye shafti isipimwe kwa rola. Ukiona karatasi nzima ni kazi kubwa, basi anza na hiyo handbreki. Itolewe amri wiki hii, kabla Land Rover nyingine haijapandishwa kwenye ile mashine huku mtu amesimama nyuma yake.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi.

Wako kwa heshima,
Seremala, mwenye Land Rover 109