Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kumsoma Camillo Berneri

Ndugu wanachama,

Mahesabu yamo katika taarifa ya mweka hazina. Itoshe kusema chama hakidaiwi na mtu. Mimi nizungumzie kazi tuliyoifanya mwaka huu, yaani kumsoma Camillo Berneri, mwanaanarkia (yaani mpinzani wa utawala wowote wa dola) wa Italia aliyeuawa uhamishoni.

Alizaliwa Lodi mwaka 1897, akasoma Florence kwa mwanahistoria Gaetano Salvemini, akawa mwalimu. Mwaka 1926 utawala wa Mussolini ulimlazimu kukimbilia Ufaransa. Huko nako hakuachwa atulie: alikamatwa, akafungwa, akafukuzwa nchi hii hadi ile. Mkewe, Giovanna Caleffi, ndiye aliyewalea mabinti wao wawili kwa kipato cha duka dogo la vyakula jijini Paris.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Hispania Julai 1936, Berneri alishirikiana na Carlo Rosselli, ambaye hakuwa mwanaanarkia, kuunda kikosi cha Waitalia wa kujitolea. Kilipigana Monte Pelado tarehe 28 Agosti. Baadaye akawa Barcelona, akihariri gazeti la Guerra di Classe.

Hapa ndipo mijadala yetu ilipokolea. Jeshi la Franco, jenerali aliyeiasi serikali ya Jamhuri ya Hispania, liliwategemea sana askari wa Moroko, nchi ambayo sehemu yake ilitawaliwa na Hispania. Berneri aliitaka serikali ya Jamhuri itangaze kwamba Moroko itajitawala. Haikutangaza, kwa kuchelea kuziudhi Ufaransa na Uingereza, zenye makoloni yao. Kwangu, hilo ndilo kubwa kuliko yote aliyoyaandika. Mkimbizi asiye na cheo aliona waziwazi kwamba huwezi kumsihi Mmoroko amwache Franco ilhali nawe umeikalia nchi yake.

Tarehe 3 Mei 1937 alimwomboleza redioni Antonio Gramsci, mkomunisti. Siku mbili baadaye, mapigano kati ya wanaanarkia na wakomunisti yakiendelea mitaani Barcelona, watu wenye silaha walimchukua nyumbani pamoja na mwenzake Francesco Barbieri, wakawapiga risasi. Wenzao waliwatuhumu wafuasi wa Stalin; hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Kamati inapendekeza mwaka ujao tumsome Giovanna mwenyewe. Alikamatwa Ufaransa ilipotekwa na Wajerumani, akarudishwa Italia kama mfungwa, na baada ya vita akawa miongoni mwa waanzilishi wa jarida la Volontà. Pendekezo litapigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Wanaosoma Kiitaliano au Kifaransa wajiandikishe kwa katibu, maana kazi ya kutafsiri ni kubwa.