Tumepanda daraja, naomba pa kulala

Langoni, Lamu

Sahibu yangu,

Assalamu alaikum. Nyumbani hatujambo, mama akusalimu na halua yake hajaisahau. Nimekaa kimya tangu Maulidi, niwie radhi. Usiku huu niko na daftari la timu na usingizi umekataa kuja.

Tumepanda daraja la ligi! Uwanja wa Twaif ulifurika, na mjombako wa Mkomani alilia hadharani. Mimi mweka hazina nilianza hesabu papo hapo. Mechi moja ya Mombasa ni watu 22: boti hadi Mokowe, basi, chakula, malazi. Haipungui shilingi 70,000. Nyumbani nako marefa na ambulensi ni juu yetu, na kiingilio hatutozi kwa kuwa uwanja hauna ukuta. Mfuko wenyewe ni mchango wa wazee na maduka manne.

Sasa kamati yataka tuwape vijana mshahara wa mwezi. Wanastahili, wallahi. Kaskazi ikishika, nusu ya kikosi iko baharini, na anayeacha uvuvi kuja mazoezini watoto wake wale nini? Lakini mshahara ukishautamka ni deni. Timu ya SoNy Sugar walikuwa mabingwa wa Kenya 2006, walikuwa na kiwanda cha sukari nyuma yao, na 2019 walitolewa ligi kuu baada ya kukosa mechi tatu kwa ukata. Mwaka huohuo SportPesa, kampuni ya kamari iliyokuwa mdhamini, ilijitoa, na Gor Mahia na AFC Leopards, zenye mashabiki nchi nzima, zikabaki kutembeza bakuli. Timu ya Bandari ina Mamlaka ya Bandari nyuma yake. Sisi tuna maduka manne.

Nimewaambia: nauli na chakula kwanza, kisha posho ya fidia kwa siku ya mazoezi, inayolipwa siku hiyohiyo. Kocha amenuna. Nahodha, kinyume na nilivyotarajia, aliniunga mkono. Asema afadhali mia tatu mkononi.

Nauli ndiyo inayonitoa jasho. Malindi kwako iko njiani. Tukivunja safari hapo, malazi yatatoka kwenye hesabu. Mikeka tutakuja nayo.

Je, ile nyumba ya Barani bado ina vyumba vitupu? Bi Mkubwa ataridhia vijana 22, tena wenye njaa? Yule mwenzetu wa matatu bado yuko na gari lake, na atatupunguzia tukimlipa taslimu? Na wewe ungekuwa kwenye kamati, ungepiga kura upande gani? Nijibu kabla ya Ijumaa, tunakutana baada ya Isha.

Nduguyo wa Langoni