Mama yuko Pemba, nami sivuki bahari: tahadhari inaishia wapi, woga unaanzia wapi?

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mzaliwa wa Mtambile, Pemba. Naishi Magomeni, Dar es Salaam, nina mke, watoto na duka la vyombo. Mama yangu yu hai, yuko huko huko Mtambile. Tangu 2012 sijakanyaga Pemba, kwa sababu sivuki bahari.

Woga huu sikuzaliwa nao. Marehemu baba alikuwa mvuvi, nami nimepanda ngalawa kabla sijaanza chuo cha Kurani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejazwa watu na mizigo kupita kiasi. Wengi walikuwa wakirudi makwao baada ya Eid. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwemo. Siku hiyo nilikuwa Unguja, nikaenda Maisara ambako miili ilipelekwa ili jamaa waitambue. Nilifunua shuka moja nikakuta mkono wa msichana, hina ya Eid bado imekolea. Mdogo wangu sikumpata, na hadi leo hatuna kaburi lake.

Hata baada ya hapo nilivuka, kwa kulazimika. Kisha tarehe 18 Julai 2012, Ramadhani ikiwa mlangoni, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka hapa Dar kwenda Unguja. Nilikuwa nimeshafunga begi niende nyumbani kufunga na mama. Begi lilifunguliwa, na basi.

Miaka ya mwanzo sikuona tabu, maana mama ndiye aliyekuwa akija. Alishuka bandarini na kikapu chake cha pweza mkavu, ananicheka kwamba ajuza ameshinda kijana. Sasa sukari imempunguza macho, miguu inavimba, na kaka amenambia wazi nisitarajie kumwona Dar tena. Kila nikipiga simu swali ni moja tu: "Mwanangu, lini?"

Shangazi, kinachonichanganya ni kwamba kila jibu ninalompa ni la kweli. Juni hadi Agosti kusi linavuma, bahari inachafuka. Kaskazi nayo ina siku zake mbaya. Masika kuna mvua. Karibu na sikukuu vyombo vinajaa watu, na kujaza watu ndiko kulikotuulia ndugu zetu. Hakuna hata moja nililolitunga. Nikiyapanga yote, mwaka unakwisha na sijapata mwezi wa kusafiri. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na methali hiyo nimejifariji nayo sana. Lakini kwangu hicho kicheko sikioni. Ninachokiona ni mama anayeisha nikiwa mbali.

Jambo jingine ni kwamba woga haukubaki baharini. Ulianza kwenye boti, ukahamia kwenye pantoni ya Kigamboni, ambayo safari yake ni ya dakika chache tu. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa pale Kurasini mwaka 2016 nilishukuru kuliko mtu yeyote wa mji huu. Siku hizi hata njia ya Feri siipiti nikiweza. Simu ya kaka ikiita naiacha mpaka ikatike, kisha namtumia hela. Na kijana wangu, bibi yake alipomwita likizo ya Desemba, nilimkatalia. Aliniuliza, "Baba, bahari ya huko ina nini?" Sikupata la kumwambia. Juzi nimesikia anamwambia mwenzake kwamba sisi kwetu hatupandi boti. Maneno hayo yaliniuma, shangazi. Mjukuu wa mvuvi!

Ndipo nikamweleza jirani yetu ambaye ni muuguzi. Hakunicheka. Alisema nikikwepa moyo unatulia hapo hapo, na ule utulivu ndio unaoufundisha mwili kwamba kweli palikuwa na hatari, hivyo safari ijayo woga unarudi na nguvu zaidi. Dawa yake, alisema, ni kuukaribia kidogo kidogo, na kukaa papo hapo mpaka upungue wenyewe. Tukapanga ngazi: kwanza kukaa Feri nikitazama maji, kisha pantoni, kisha boti ya Unguja asubuhi bahari ikiwa shwari, mwisho Pemba.

Kukaa Feri nilikuweza. Pantoni niliipanda na mke wangu. Lile bamba la chuma lilipoinuliwa koo lilikauka, vidole vikafa ganzi, nikawa natazama walikoweka maboya tu. Mama mmoja pembeni alikuwa anachambua mchicha ndani ya beseni, hana habari. Nilitaka kufumba macho, nikakumbuka nimeambiwa nisifumbe. Tulipofika katikati moyo ulikuwa unanipiga mpaka masikioni. Halafu, kabla hatujagusa ng'ambo, ukaanza kushuka wenyewe. Sikuwa nimefanya lolote. Niliporudia siku nyingine, ulishuka mapema zaidi. Kwa hiyo najua muuguzi alisema kweli, maana nimeyaona mwilini mwangu.

Sasa nimekwama kwenye boti ya Unguja, na hapa ndipo ninapohitaji busara yako. Kaka anasema mama amedhoofu, nije mwezi huu. Mwezi huu ni Julai, kusi limeshika. Muuguzi alisema asubuhi ya bahari shwari, na hizo ni chache wakati huu. Nikisubiri hadi Novemba, upepo unapogeuka, nitakuwa nimefanya la busara, au nimerudia lile lile la miaka yote kwa jina jipya? Imamu wetu alinikumbusha hadithi ya yule bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu. Nimefunga miaka na miaka, kutegemea sijafika. Lakini pia sitaki mtu anishauri nipande chombo chochote kinachong'oa nanga, kwa sababu waliokufa 2011 hawakufa kwa kukosa imani wala ujasiri. Walipakiwa kupita kiasi.

Rafiki zangu wananiambia nipande ndege mpaka Chake Chake, yaishe. Nauli nitaihangaikia. Hofu yangu ni kwamba nitafika kwa mama huku bahari bado imenifungia mlango, na mwanangu atakuwa amejifunza kwamba tunaipita kwa juu. Au nisijali hayo, mradi nimeushika mkono wake angali ananitambua kwa macho?

Pia, nimchukue mke wangu kama kwenye pantoni, au nikimtegemea yeye nitakuwa nimejipatia fimbo nisiyoweza kutembea bila yake? Na mama nimwambie ukweli? Yeye anaamini ni shughuli za duka. Kaka anasema nikimwambia atajilaumu, kwa vile aliyempigia simu marehemu mdogo wangu aje Pemba wiki ile alikuwa yeye. Jambo hilo hatujawahi kulitaja mbele yake.

Naomba unijibu kama ungemjibu mwanao, pamoja na wasomaji waliowahi kupita njia hii, hasa waliopoteza mtu katika ajali zile na bado wanavuka. Nataka kujua asubuhi ya siku ile wanajipimaje: ni lipi huwafanya waseme leo sipandi, na wakajua kwamba anayesema hivyo si woga.

Wako,
Mpemba wa Magomeni
Dar es Salaam