Mafundi, msigongelee misumari bati la plastiki

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Kyela. Chumba changu cha kazi kina bati moja la plastiki la kuingiza mwanga, na mvua za Aprili zimepita hapo hapo zikalowesha vitenge vya harusi vya mteja. Nilipanda mwenyewe kuangalia: kila msumari umezungukwa na nyufa nyembamba kama uzi. Joto la huku hutanua plastiki kuliko bati la chuma. Msumari ukiibana, inapasuka. Lami niliyopaka mwaka jana imebanduka yote.

Mafundi wetu, nawaomba sana, toboeni kwa drili tundu pana kuliko skrubu, wekeni washa ya mpira (kile kipete cha chini ya kichwa cha skrubu), na msikaze mno. Vitenge vile vimechuja rangi, nami nimevilipa.

Fundi cherehani,
Kyela, Mbeya