Chupa ya dawa ya kichawi ipambwe nje, ndani isitiwe cha kumdhuru mtoto

Mhariri,

Oktoba ikianza, wazazi wengi Waswahili walioko Marekani huombwa na watoto wao mapambo ya Halloween, sikukuu ya mavazi na mapambo ya kutisha ya tarehe 31. Linalopendwa sana ni chupa ya dawa ya kichawi: nyeusi, imezungukwa na nyoka wa gundi, lebo imechakaa, kizibo kimechuruzikwa na nta. Tunaomba nafasi tueleze namna ya kuitengeneza, maana maelekezo mengi yanayopita mikononi mwa watu yanahangaikia kimiminika cha kutia ndani, na ajali nyingi zinaanzia hapo. Uzuri wa chupa hii uko nje.

Hata umbo lake lina sababu. Jumamosi ya tarehe 30 Oktoba 1858, mjini Bradford, Uingereza, ziliuzwa sokoni peremende zilizotiwa sumu ya arseniki kwa makosa. Walikufa watu wapatao 20, na zaidi ya 200 wakaugua. Sheria ya mwaka 1868 ikataka sumu iuzwe na lebo yake. Chupa nyingi za sumu za zama zile zilikuwa za kioo cha buluu au kijani, zenye matuta ubavuni, ili anayepapasa kabatini gizani ajue ameshika nini. Matuta ya gundi tunayoyaweka leo kwa urembo yalikuwa onyo.

Tafuta chupa ya kioo ya mililita 200 hadi 300, ya mchuzi au siki. Usitumie chupa ya dawa halisi, hata ikiwa tupu. Iloweke nusu saa katika maji moto ya sabuni, ubandue lebo. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na magadi soda, ngoja dakika 10, sugua, osha. Ikikauka ifute kwa spiriti, kisha ishike shingoni tu. Mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo, kila utakachobandika hapo kitabanduka.

Wengi hukosea hapa: huchukua bastola ya gundi ya moto na kuchora moja kwa moja juu ya kioo. Siku ya kwanza inapendeza, ya tatu nyoka mzima amebanduka. Kioo ni laini na hakifyonzi, tena joto na baridi zikipishana gundi hutanuka na kusinyaa kuliko kioo. Dawa yake ni karatasi. Changanya gundi nyeupe ya mbao vipimo viwili na maji kipimo kimoja. Chana tishu nyepesi vipande vya upana wa vidole vitatu. Chana kwa mkono, usikate kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa huzama kwenye mwenzake bila kuacha mstari. Paka gundi, laza kipande, pitisha brashi juu. Mikunjo iache, ndiyo itakayokuwa ngozi ya chupa. Weka tabaka mbili, na ya pili isubiri ya kwanza ikauke. Ukirundika tabaka nne kwa mpigo, juu patakauka na chini pabaki na majimaji, na baada ya wiki chupa itanuka ukungu. Iache ilale usiku kucha.

Sasa chora kwa gundi ya moto: matuta, nyoka, jicho, chochote. Kwa watoto tumia bastola ya joto la chini, ingawa hata hiyo huunguza, kwa hiyo mkubwa akae karibu. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zitakazobaki zitoe kwa kupuliza kikausha nywele sekunde chache. Usiye na bastola, zungushia uzi wa katani uliochovywa kwenye gundi nyeupe. Sisi tunaupenda zaidi, maana unakaa imara na hauunguzi mtu.

Rangi ni ya akriliki. Paka nyeusi mara mbili, kila mara ukisubiri saa moja. Kisha chovya brashi kavu kwenye rangi ya dhahabu au shaba, ifute kwenye kitambaa hadi uone kama haina kitu, ndipo uipitishe juujuu. Rangi itashika kwenye migongo ya matuta, mabondeni patabaki peusi, na chupa itaonekana kama chuma cha kale. Brashi ikiwa mbichi rangi hujaza mabonde, chupa yote ikawa ya dhahabu, na umbo ulilohangaikia halionekani tena. Ikitokea hivyo usikwangue. Paka nyeusi upya, anza tena. Malizia na vanishi mara mbili. Pamoja na hivyo usiiache barazani kwenye mvua, kwani gundi nyeupe ikilowa hulainika.

Lebo hutiwa rangi kwanza, huandikwa baadaye. Loweka karatasi dakika tano katika nusu kikombe cha chai iliyokolea, ianike ikiwa bapa, kisha andika kwa kalamu ya wino usiofutika. Ukianza kwa kuandika, wino mwingi huchuruzika. Kingo zisichomwe kwa kiberiti. Zichane na uzipake kahawa nzito. Maneno nayo yawe yetu: Machozi ya Mamba, Maji ya Jini, Usingizi wa Popo. Fuvu na mifupa tunashauri liachwe. Mwaka 1971 hospitali ya watoto ya Pittsburgh ilibuni uso wa kijani uliokunjamana, uitwao Mr. Yuk, kwa sababu fuvu lilikuwa linawavutia watoto kama bendera ya maharamia badala ya kuwatisha. Mtoto asizoee kulichezea fuvu ambalo kesho atalikuta kwenye dawa ya panya.

Kwa hiyo ndani tie vitu vikavu: karafuu, manyoya, makombe, majani makavu. Ukitaka lazima maji, basi upande mmoja wa kioo uachwe bila karatasi wala rangi, utie maji yaliyochemshwa yakapoa na tone moja la rangi ya chakula. Matone matano hugeuka weusi. Acha nafasi ya vidole viwili juu, kwani maji yakiganda huongezeka kwa karibu asilimia 9, na usiku wa Oktoba kaskazini unaweza kupasua chupa barazani. Sharubati na sukari hapana, kwa kuwa huchachuka na gesi ikarusha kizibo. Anayetaka mwanga atie soda ya toniki isiyo na sukari, baada ya kuiacha wazi siku nzima gesi iishe, kisha awashe taa ya urujuanimno (UV). Kwinini iliyomo, ileile iliyotibu malaria kwetu miaka mingi, itang'aa buluu.

Mambo mawili hatuyakubali kabisa. Barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, haifungiwi chupani. Ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, hugeuka gesi, na chupa iliyozibwa hulipuka. La pili ni vitaa vya betri za mviringo kama kifungo. Betri hiyo ikimezwa huweza kuunguza koo la mtoto ndani ya saa mbili. Tangu mwaka 2022 Marekani ina sheria, Reese's Law, inayolenga vifaa vyenye betri hizi viwe na mfuniko usiofunguka kirahisi kwa mtoto. Nunua chenye skrubu, na ukikuta mfuniko unafunguka kwa ukucha, kirudishe dukani. Mtoto akimeza betri, apelekwe hospitali papo hapo. Akinywa kilichomo chupani, namba ya kituo cha sumu cha Marekani ni 1-800-222-1222, usiku na mchana, bila malipo, na unaweza kuomba mkalimani.

Walimu wawili wa kazi za mikono,
Louisville, Kentucky