Wanangu wa Houston, kaulizeni karatasi zenu ziko wapi

Wanangu,

Nawaandikia nyie mliokuja huku mmeshikwa mkono eapoti, mkakulia hapa Texas, Kiingereza chenu kimenyooka kuliko cha sisi tuliowaleta, halafu siku moja mkagundua kwamba mdogo wako wa tumbo moja, kwa kuwa yeye kazaliwa hapa, ana haki ambazo wewe huna. Jina sisaini mtanisamehe, wanaonijua wataijua sauti. Nina miaka 63 na nyumba yangu ni kama za kwenu, tuko watatu na kila mtu ana hali yake ya makaratasi.

Nianze na kosa langu, msije mkasema huyu mama kazi yake kuhubiri tu. Niliingia na mwanangu 2001 kwa viza ya matembezi, yeye ana miaka mitano, viza ikaisha tukabaki, nikabeba boksi kama wenzangu baadaye nikaingia kwenye kulea wazee. 2004 akazaliwa mdogo wake wa kike hapahapa Houston. Kaka mtu sikumwambia kitu, nilijiona namkinga, mtoto asome kwa amani. Akaja kujua mwenyewe ana miaka 16, wenzie wote wanachukua leseni za gari na mimi kila siku nasema wiki ijayo ntakupeleka, wiki ijayo ntakupeleka, mpaka akaniuliza mama kuna nini.

Ilikuwa 2012, mwaka ambao Obama alitangaza DACA tarehe 15 Juni, ruhusa ya miaka miwili miwili ya kubaki na kufanya kazi kwa walioletwa wakiwa watoto. Kijana akarudi na karatasi alizoprinti shule, ametimiza kila sharti, kaingia kabla ya miaka 16, yupo nchini tangu kabla ya Juni 2007, yuko darasani. Mimi nikamwakia, unataka uwape anwani ya nyumba waje watuzoe wote? Tusubiri tuone. Tukasubiri jamani. Septemba 2017 wakafunga maombi mapya, mwisho wa 2020 yakafunguliwa tena, safari hii tukapeleka mbio, na Julai 2021 faili likiwa bado linasubiri zamu jaji wa hapahapa Texas akazuia wapya wasipewe. Waliokuwa nayo zamani ndo wanaendelea kuihuisha kila miaka miwili. Wenzie aliosoma nao wana namba ya soshali ya kuajiriwa na kazi zao, yeye ana digrii na anapaka rangi nyumba za watu.

Sisi tumelelewa kwamba ya nyumbani hayatoki nje na mimi bado naamini hivyo, hasa siku hizi. Jirani hana haja ya kujua, bosi hana haja, rafiki uliyekutana naye semista hii ndo kabisa. Ila tumekosea sehemu moja, siri ya nje tukaifanya siri ya ndani, mama anamficha mtoto, mtoto anamficha mdogo wake, kila mtu anamlinda mwenzie na tarehe zinapita.

Kuna watu wa Tyler, mji wa juu huko mashariki ya Texas, huwa nawafikiria sana. 1975 jimbo lilipitisha sheria kwamba watoto wasio na karatasi shule zinaweza kuwakataa, na 1977 Tyler wakaanza kudai dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, watu wa kazi za mashambani na viwandani watazitoa wapi? Familia nne za Kimexico zikaenda mahakamani, jaji akawasikiliza alfajiri ili wasionwe na watu, na wengine walikwenda gari limeshapakiwa vitu maana walijua wanaweza kurudishwa moja kwa moja kutoka palepale. Kesi ikaandikwa kwa jina la kubuni, Doe. Majina walificha, neno wakalisema. 15 Juni 1982 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikawapa ushindi, kura 5 kwa 4, na ndo sababu mpaka leo shule ya serikali hairuhusiwi kukunyima dawati kuanzia chekechea mpaka unamaliza haiskuli. Kura moja tu ile. (Na angalieni tarehe, DACA ilitangazwa siku ileile miaka 30 baadaye.)

Baada ya haiskuli ndo pagumu. Texas hiihii 2001 ilikuwa jimbo la kwanza kuruhusu mtoto aliyekaa hapa miaka mitatu na kumaliza haiskuli alipe ada ya mkazi chuo cha serikali, anasaini hati ya kiapo kwamba ataomba ukazi siku akiruhusiwa, na aliyeitia saini sheria hiyo ni gavana Rick Perry, mtu wa Republican, chama kikali kwa wahamiaji, msishangae. Mwanangu alisoma kwa mlango huo. 4 Juni 2025 serikali ya Washington ikaishtaki Texas, Texas yenyewe ikakubali, jaji akasaini, vyote siku moja. Kwa hiyo anayemaliza sasa ahesabu upya, ada ya mgeni ni mara kadhaa ya ile, aangalie komuniti koleji, vile vyuo vya miaka miwili, vyuo binafsi vyenye ufadhili wao, au majimbo mengine ambayo bado yana sheria kama ile.

Sasa hesabu ambayo wazazi wengi hawaijui au wanajifanya hawaijui. Siku unazokaa bila ruhusa hazihesabiwi mpaka utimize miaka 18. Ukishatimiza saa inaanza kugonga, ukizidisha siku 180 halafu ukatoka nchini unafungiwa miaka 3, ukizidisha mwaka ni miaka 10. Maana yake mtoto anayejua hali yake akiwa na 17 bado ana njia mbili mkononi, anaweza kubaki apambane, au kurudi Dar akasome kisha siku nyingine aombe viza ya mwanafunzi bila hilo kufuli, japo viza yenyewe hakuna anayekuhakikishia. Anayejua akiwa na 20 keshachaguliwa. Simwambii mtu aondoke, namwambia asichaguliwe na ukimya wa mama yake.

Na lingine, hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni. USISEME WEWE NI RAIA kama siyo. Fomu ya kazi ina kile kiboksi cha kutia alama kwamba wewe ni raia, chuoni wanakuja na meza za kuandikisha wapiga kura, wanakuchekea, saini hapa mdogo wangu. Kujiita raia kwa uongo ni doa ambalo karibu halifutiki, hata ukija kuoa au kuolewa na raia. Namjua kijana aliyesaini akiwa na 18 kwa sababu kwao walimwambia wewe ni wa hapa, naye akaamini. Sasa hapo mtoto ana kosa gani?

Nyie wadogo mliozaliwa hapa nanyi nina neno lenu. Mama yangu alifariki Tanga 2016, aliyeweza kupanda ndege kwenda kumzika ni binti yangu tu, ana miaka 12, akasindikizwa na mama mmoja wa kwetu, mimi na kaka yake tukaangalia kaburi linafukiwa kwenye simu jikoni hapa. Alivyorudi hakuongea wiki nzima, alikuwa anaona aibu kwamba yeye amekwenda. Msione aibu, hamkuiba kitu. Chuo jazeni FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa ada, haki ni yako wewe raia, karatasi za mama haziiondoi, na tangu fomu ya 2024-25 mzazi asiye na namba ya soshali anafungua akaunti yake bila kudanganya namba. Ila kama kuiweka taarifa ya mzazi serikalini kunawatisha, na sasa hivi siwalaumu, muulizeni kwanza loya wa kweli, siyo yule kaka wa mtaani anayejua makaratasi.

Binti yangu katimiza 21 mwaka 2025. Anaweza kuniombea mimi mama yake, na kwa kuwa niliingia kwa viza, mlango wa mbele, nikagongewa muhuri, naweza kubadilishiwa hali nikiwa hukuhuku. Ila kaka yake, binti hawezi kumsaidia hivyo. Foleni ya ndugu ni zaidi ya miaka 15, na hata zamu ikifika yule aliyezidisha viza hapitishwi akiwa ndani, akitoka anakutana na ile miaka 10. Yaani mtoto anamtoa mama aliyefanya kosa na anamwacha kaka ambaye alikuwa na miaka mitano. Tulikaa mezani watatu tukaliongea hilo mara ya kwanza, mwanangu akasema tu, mama ungeniambia.

Kwa hiyo leo jioni mama akirudi shifti, mwacheni ale kwanza, halafu mwombeni pasi ya zamani na ile kadi ndogo nyeupe ya I-94 waliyokuwa wanapachika ndani yake eapoti, ndo inayoonyesha mliingia lini na kwa njia gani. Ipo. Hakuna mama aliyeitupa. Yangu ilikuwa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, chini ya vitenge. Akiwaka, mwambieni kuna mama mmoja wa Houston ndo katutuma.